Redio ya Baba Imekaa Upande Wangu

Alhamisi, mwezi wa pili. Joto la leo halina adabu. Saa mbili asubuhi nguo ilikuwa imeshaganda mgongoni, na jioni hii hasira bado ninazo, mbichi kabisa, zote za redio.

Ndiyo, redio. Mwanamke mzima, nina biashara yangu na wateja wangu, na wiki tatu sasa sina mazungumzo mengine. Dada yangu amepunguza kunipigia simu, maana akiniuliza habari za nyumbani namjibu habari za nyaya.

Nianze mwanzo, kwa sababu wengi wenu kwenye ukurasa huu mlikuja kwa ajili ya mapazia.

Mapazia ndiyo kazi yangu. Nayashona nyumbani Bombolulu, kisha nayapeleka kwa wateja na kuyatundika kwa mikono yangu: Bamburi, Nyali, Mtwapa, popote wanaponiita. Ngazi, drili, fimbo za pazia na mafurushi ya vitambaa, vyote huenda na pikapu. Na kwenye kiti cha abiria huenda Baba.

Baba ni mzaliwa wa Jomvu Kuu. Alikuwa mwendesha winchi bandarini, mtu wa maneno mengi na kofia iliyonyooka. Mwaka juzi alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulilala na mpaka leo haujaamka, mguu wa kulia anauburuta, na maneno humtoka polepole, moja baada ya jingine. Akili iko pale pale. Siwezi kumwacha peke yake nyumbani, na kukaa kwa majirani hataki, anasema yeye si mtungi wa kuazimana. Basi tunazunguka pamoja. Nikiwa ndani kwa mteja, juu ya ngazi, yeye hubaki garini kivulini, mlango wazi, akisikiliza redio.

Na kwa Baba redio si muziki. Ni salamu.

Kila siku saa nne asubuhi stesheni yake huwa na kipindi cha salamu, na jioni huwa na kingine, wakati mara nyingi bado tuko barabarani. Watu hutuma majina ya wanaotaka kuwasalimia, mtangazaji huyasoma, na aliyesalimiwa hurudisha. Zamani ilikuwa kwa kadi, siku hizi ni kwa ujumbe wa simu. Kila msalimiaji ana jina lake la redioni. Baba ni Nanga Kavu wa Jomvu. Rafiki yake mkubwa anaitwa Mzee Chumvi wa Gongoni, mtu wa kule kwenye mashamba ya chumvi. Wamesalimiana zaidi ya miaka ishirini na hawajawahi kuonana hata siku moja. Hata namba za simu hawana. Niliwahi kumwambia Baba tuitafute namba ya huyu bwana, akaniangalia kana kwamba nimemwambia tumfuate mtu chooni. Salamu zao ni za mbele ya watu, na sheria ni moja: ukitajwa, unajibu. Ukinyamaza siku mbili tatu, wenzako huanza kuulizana.

Tangu augue, yeye husikiliza na mimi huandika. Akitajwa, hunipa majina ya kurudisha, nami hutuma.

Sasa, pikapu yetu ya zamani ililiwa na kutu mpaka ukikanyaga ndani unaona lami. Nikaiuza, nikanunua nyingine, nyeupe, imeshushwa bandarini kutoka Japani. Injini nzuri, viti safi. Muuzaji akaniwashia redio, ikaimba, nikaridhika.

Hakuna mtu wa mji huu aliyewahi kununua gari la Japani asiyejua kwamba redio zao huishia kwenye masafa ya tisini. Mimi mwenyewe nimewacheka watu kwa hilo. Stesheni ya Baba iko juu kule, imeshapita mia. Lakini siku ile nilikuwa nashikashika vitambaa vya viti, nikiangalia mishono, na la redio likanipita kabisa.

Siku chache za mwanzo Baba alijisaidia. Alichukua redio yake ndogo ya betri, akaiweka juu ya deshibodi, akaifunga kwa kipande cha utepe wa pazia mpaka kwenye kioo cha katikati. Kila tuta ilianguka, naye akaidaka kwa mkono wa kushoto. Nilimpa simu na visikizio vya kutia masikioni, akavirudisha. "Kitwa changu si ghala," akasema.

Siku ya tatu tuliegesha kwa mteja Nyali. Yule mama akatoka kunipokea, akaiona ile redio na utepe wake unaoning'inia, akatabasamu kidogo. Mimi huuza unadhifu. Mtu akiona utepe wa aina ile garini mwangu atafikiri nini juu ya pindo za mapazia yangu? Nikaifungua redio, nikaitia chini ya kiti, nikamwambia Baba avumilie kidogo, nitamwekea redio ya maana, iliyokaa.

Akasema, "Haya."

Hizo ni wiki tatu zilizopita.

Nikaenda kwa Katana. Katana ni fundi wa redio za magari, ana kibanda chake kando ya barabara hapa Bombolulu, mtu mpole mpaka anakera. Kazi yoyote kwake ni dakika tano. Akanifungia kijidude kidogo kwenye waya wa antena, cha kuyashusha yale mawimbi ya juu ili redio ya Kijapani iyafikie. Dakika tano zilianza saa tatu asubuhi zikaisha adhuhuri. Tukawasha. Stesheni zilikuja zote, lakini zilikuja zimelaliana: mhubiri ndani ya taarabu, bei za magodoro ndani ya taarifa ya habari. Stesheni ya Baba ilikuwa chini kabisa ya rundo. Kesho yake alikisikiliza kipindi kizima shingo imeinama, ameziba sikio moja. Mwishoni akaniambia, "Wametaja mtu wa Jomvu. Jina sikulipata."

Kijidude nikaking'oa, nikanunua redio ya pili kabisa, ya kuongezea. Ile ya kwanza imejengwa ndani ya deshibodi yenyewe, ukiitoa unabaki na shimo la kupita paka, kwa hiyo lazima hii mpya itafutiwe mahali pake. Katana akaishika mkononi, akalizunguka gari taratibu, akafungua mlango wa abiria. Akaiweka chini ya deshibodi, kushoto kabisa, karibu na mlango.

"Hapa ndipo pahali pake, dada. Chuma kimoja, skrubu nne, kwisha."

Nikapaangalia. Nikaona chuma kimetokeza mbele ya magoti ya mtu, skrubu zimekodoa macho, na waya umekatiza chini kutoka upande hadi upande. Nikamwambia hapana, haiwezekani, hii ni gari si kibanda cha kuchaji simu.

Akafikiri kidogo, kisha akaniuliza kwa ile sauti yake ya chini, "Kwani atakayeishika redio ni nani?"

"Mwenye gari ni mimi," nikamjibu.

Baba alikuwa amesimama pale pale, ameegemea bakora yake. Nikiandika hapa najisikia vibaya mpaka natamani kuifuta sentensi ile, lakini niliisema, na niliisema kwa sauti.

Basi nikachagua mahali mwenyewe. Upande wa kulia wa gia, karibu na goti langu, kuna kijishimo ambacho Wajapani walikiweka cha kutilia sijui sarafu, sijui sigara. Nilikipima. Nilikata ubao mwembamba, nikauvisha kitambaa cha kijivu kilichobaki kwenye kazi ya mteja, nikaupinda pembe kama ninavyopinda mto wa sofa. Redio ikazama ndani, uso wake umelingana na ubao. Waya wa antena niliupitisha nyuma ya mpira wa kioo, inchi kwa inchi, kwa sindano ya kushonea magodoro. Nikiri ukweli: nilifurahi sana. Niliifanya kazi ile kwa mapenzi kuliko kazi za watu wanaonilipa.

Furaha ilikaa siku moja. Kumbe Katana aliunga waya wa umeme pasipostahili, na kila nikikanyaga breki, redio inazima. Foleni ya kuingia Nyali mnaijua. "Salamu zimwendee..." breki. "...na wote wanaomfahamu, kutoka kwa..." breki. Baba alikuwa akiangalia mguu wangu kama mtu anayeangalia mpira. Nikarudi kwa Katana, akarekebisha. Ikawa nikiwasha wipa, redio inanguruma. Nikarudi tena. Halafu fyuzi ikaungua na honi ikafa nayo, nikazunguka Kisauni nzima siku mbili nikiwapigia watu kelele dirishani wanipishe. Nikarudi tena. Kila mara dakika tano. Kila mara Baba amekaa kwenye gurudumu la mbao la kuzungushia nyaya nje ya kibanda, anangoja, na saa nne inapita.

Siku moja katikati ya hayo aliniuliza ile redio yake ya betri iko wapi. Nikamwambia, "Baba, tumekaribia kumaliza." Ilikuwa chini ya kiti chake wakati wote huo.

Jana, Jumatano, tukamaliza kweli. Haizimi, haingurumi, honi inalia. Ukifungua mlango huoni hata uzi wa waya. Nilipiga picha tatu, nikapanga leo niziweke hapa na maneno ya kujisifu kidogo. Picha bado ninazo kwenye simu. Siziweki.

Leo nilikuwa na kazi Bamburi, nyumba yenye madirisha kumi na moja na mteja asiyejua anachotaka. Niliegesha nje ya geti chini ya mwarobaini. Nikamwekea Baba maji, nikaufungua mlango wake, nikaacha ufunguo, nikaipata stesheni yake safi kabisa, sauti juu. Ilikuwa imebaki robo saa kufika saa nne. Akaketi vizuri, akaiweka kofia sawa, kama mtu anayengoja kuitwa jina lake ofisini.

Ndani nikakaa saa nzima na nusu. Fimbo iinuliwe kidogo. Hapana, ishushwe. Hapana, pale pa mwanzo palikuwa pazuri. Nikatoka kuchukua msumari wa drili, na nilipokaribia gari nilisikia magodoro. Bei za magodoro, kwa sauti kubwa, kutoka redioni mwangu.

Baba hakuwa kwenye kiti.

Nilifikiri ameshuka kujisaidia. Kisha nikaiona kofia yake chini, kwenye mchanga. Nikakimbia upande wangu, nikafungua mlango. Baba alikuwa ameanguka ubavu, kifua juu ya gia, shavu kwenye kiti changu, na mkono wa kushoto umenyooshwa mbele, vidole viwili vimegusa ukingo wa ule ubao wangu wa kijivu. Hakuweza kujiinua. Mkono wa kulia, ambao ungemsaidia kujisukuma, ulikuwa umebaki chini ya mwili wake.

Nikaelewa yote kwa mara moja, na sikupenda nilivyoyaelewa. Redio hii mawimbi yakififia kidogo huruka yenyewe kwenda stesheni yenye nguvu zaidi. Kuna kitufe cha kuizuia, kimeandikwa kwenye karatasi niliyoitupa na boksi. Iliruka. Baba akataka kuirudisha. Mkono ulio karibu na redio ni ule uliokufa, na ule ulio hai uko mlangoni, lazima ukatize kifua chote, upite juu ya gia, uingie ndani ya kijishimo changu kizuri kilichozama ili kisimchafulie mtu macho.

Katana aliliona hilo kwa kulizunguka gari mara moja. Mimi nakula na Baba, namkatia nyama, namfunga vifungo vya shati kila asubuhi, na sikuliona.

"Baba!"

"Naam," akajibu, pale pale alipolala. "Nalilala kidogo tu."

Redio inapiga kelele za magodoro juu ya kichwa chake, naye ananiambia alilala. Nilimwinua, nikamketisha, nikampangusa. Shavuni alikuwa na alama ya mshono wa kiti. Nikamuuliza ameanguka tangu saa ngapi. Akaniomba kofia yake. Kisha akasema, "Rudi, mteja yuwakungoja."

Nilikasirika. Nilimkasirikia Katana, Wajapani, yule mtangazaji wa magodoro, mteja na fimbo zake. Halafu nikazunguka nyuma ya pikapu nikijifanya nafunga ngazi, nikalia, maana wa kukasirikiwa alikuwa mmoja tu na nilikuwa namjua.

Madirisha yaliyobaki sijui niliyatundikaje. Alasiri nilikuwa kwa Katana.

"Ing'oe," nikamwambia.

"Tena? Sasa iende wapi?"

"Pale uliposema."

Ningekuwa mimi ningecheka, au angalau ningeguna. Yeye aliitikia kwa kichwa, akamwamkia Baba, "Shikamoo mzee," akamsaidia kukaa kwenye kiti chake. Kisha akafanya jambo ambalo mimi, mwenye kupima madirisha ya watu kwa milimita, halikunijia. Alimwambia Baba afumbe macho, aulegeze mwili, anyooshe mkono wa kushoto kule utakako wenyewe kwenda. Baba akanyoosha. Vidole vikatua chini ya deshibodi, kushoto, karibu na mlango. Katana akaweka alama ya chaki pale pale, akamwambia arudie. Mara ya pili na ya tatu vidole vilitua juu ya chaki.

Chuma kimoja, skrubu nne. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, zilikuwa kweli kama dakika tano.

Imekaa vibaya, nisiwadanganye. Chuma kimetokeza, skrubu hazilingani, moja ni ya rangi ya dhahabu sijui aliitoa wapi. Waya umekatiza chini wazi wazi, kutoka upande wangu mpaka kwake. Na pale karibu na goti langu pamebaki kijishimo kilichovishwa kitambaa cha kijivu, hakina kitu ndani. Katana akaniuliza kama aufiche waya. Nikataka kusema ndiyo, wallahi neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikamwambia auache, kipindi cha jioni kimekaribia. Kile kitufe cha kuizuia redio isiruke nilimwomba akitafute kwanza, akakibonyeza.

Baba akaizungusha redio mwenyewe kwa kidole gumba. Akampita mhubiri, akayapita magodoro, akapitiliza, akarudi nyuma kidogo. Akasimama.

Walikuwa katikati ya salamu. Wa Mazeras, wa Kilifi, mama mmoja wa Ukunda na wajukuu zake wote kwa majina. Kisha mtangazaji akapunguza mbio.

"Huyu ni Mzee Chumvi wa Gongoni. Yeye leo hana orodha, ana mtu mmoja tu. Anamuulizia Nanga Kavu wa Jomvu, anasema hii ni wiki ya tatu hajamsikia. Kama yu hai, ajibu. Na kama ametangulia mbele ya haki, basi salamu hizi ziwafikie watoto wake, na wajue kwamba huku Gongoni anaombewa dua."

Watoto wake. Mimi, nimesimama mlangoni na bisibisi mkononi.

Katana akainama akaanza kukusanya vifaa vyake, ambavyo vilikuwa vimeshakusanywa. Mimi sikuweza kumtazama Baba. Nilipomtazama, alikuwa ameinamisha kichwa karibu kabisa na redio, macho yamemjaa machozi, na ule upande wa uso wake unaoweza kucheka ulikuwa unacheka.

"Yuwanitafuta," akasema. Kisha, "Andika."

Nikatoa simu. Akanitajia neno moja moja, nami nikamngoja kwa kila moja, na kipindi kilikuwa kinakwisha.

"Nanga Kavu yu hai. Hakuwa mgonjwa, hakukasirika. Mwanangu alikuwa yuwaficha waya."

Nikamuuliza, "Hilo la mwisho pia, Baba?"

"Kama lilivyo."

Nikatuma kama lilivyo. Wimbo wa kufungia kipindi ukaanza kabla hawajausoma ujumbe wetu, kwa hiyo utasomwa kesho saa nne, inshallah, na pwani yote itajua nilikuwa nafanya nini wiki tatu hizi. Sijui kama Mzee Chumvi atakuwa karibu na redio yake. Huenda amechoka kungoja.

Kesho nina mteja Mtwapa saa tatu na nusu. Nimempigia, nimemwambia nitaingia saa tano. Akauliza kuna nini, nikamjibu nina shughuli na baba yangu. Nitaegesha mahali penye kivuli, nitakaa upande wangu, mikono mapajani, na redio nitamwachia mwenyewe aishike.